Daktari Atangulie: Stesheni Wagon za Mbio na Njia ya Voi–Taveta

Stesheni wagon ya mbio ni gari la familia lililopewa injini, breki na springi za gari la mashindano. Paa lake halikatiki juu ya kiti cha nyuma kama la saluni, bali hunyooka mpaka mwisho wa gari, na mlango wa nyuma hufunguka kwenda juu. Buti lake ni pana, na kiti cha nyuma kikikunjwa hupatikana sakafu ndefu ya kutosha mtu mzima kujilaza. Kwa nje ni gari la kwenda sokoni. Chini ya boneti kuna nguvu mara mbili au tatu ya zile za gari la kawaida la umbo hilohilo.

Kazi zinazohitaji vitu hivyo viwili kwa pamoja, mbio na nafasi ya mizigo, ni chache, na iliyo muhimu kuliko zote ni uokoaji. Kwa miaka mingi polisi wa barabara kuu na madaktari wa dharura wa Ulaya wamelitegemea gari hili. Kenya imepita njia yake, lakini hadithi yake ya stesheni wagon ni ndefu pia, na barabara ya Voi kwenda Taveta, kilomita kama 110 za lami zinazokatiza nyika ya Tsavo, ni mahali pazuri pa kupimia faida ya gari hili na mipaka yake.

Kwanza zitenganishwe kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Kumpeleka mgonjwa hospitalini ni kazi moja. Kumpeleka tabibu kwa mgonjwa ni kazi nyingine. Aliyekatika mshipa mkubwa wa paja anaweza kufa kwa kutokwa damu ndani ya dakika chache. Moyo ukisimama, ubongo huanza kuharibika baada ya dakika nne hadi sita. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kupoteza maisha katika muda wa saa mbili. Kabla ya kuhitaji kitanda, watu hawa wanahitaji mikono inayojua kukaza bandeji, kufungua njia ya hewa, kushtua moyo na kuweka dripu. Mikono hiyo ikifika mapema, safari ya hospitalini inaweza kwenda taratibu na mgonjwa akafika hai. Ikichelewa, hata ambulensi yenye mbio kuliko zote itabeba maiti.

Wajerumani wa mji wa Heidelberg walilijua jambo hili kwa kujaribu na kukosea. Mwaka 1957 madaktari wao waliingiza barabarani basi lenye chumba kizima cha upasuaji ndani yake, likaitwa Klinomobil. Lilikuwa zito na la polepole, na ikadhihirika kuwa mara chache sana mtu huhitaji kupasuliwa kando ya barabara. Mwaka 1964 wakageuza mpango: daktari akapewa Volkswagen ndogo, akawa anatangulia peke yake, na ambulensi ikimfuata na machela. Wawili hao hukutana kwa mgonjwa. Mpango huo ukaenea Ujerumani nzima, na Volkswagen ndogo ikaachia nafasi magari yenye nguvu zaidi na buti kubwa zaidi, yaani stesheni wagon za Mercedes-Benz, BMW na Audi zilizopakwa rangi kali na kufungwa taa za buluu.

Sababu ya kuchagua umbo hili inaonekana kwenye kona. Ambulensi ya kubeba wagonjwa ni sanduku refu la kwenda juu, na uzito wake mwingi umekaa mbali na ardhi. Ikiingia kona kwa kasi, hulala upande, magurudumu ya ndani hupungukiwa na uzito, na dereva hana budi kupunguza mwendo. Stesheni wagon imekaa chini kama saluni, kwa hiyo hupita kona ileile kwa mwendo mkubwa zaidi bila kuyumba, na hata ikibidi kukwepa kitu ghafla, si rahisi kupinduka. Ni nyepesi pia kuliko ambulensi, hivyo husimama katika umbali mfupi zaidi. Saluni ya mbio ingefanya hayo yote, ila mtungi wa oksijeni haukai vizuri ndani ya buti lake, na mashine ya kushtua moyo ingesukumwa nyuma ya sanduku la dawa mahali ambapo mkono haufiki upesi.

Buti la gari la daktari wa dharura lina mpangilio wake. Mlango ukiinuliwa, kinachoonekana kwanza ni begi la kupumulia, limewekwa mbele kabisa kwa sababu mtu asiyepumua ndiye wa kwanza kuhudumiwa. Kando yake kuna mashine ya kushtua moyo, imefungwa kwa mkanda ili isiruke breki zikikanyagwa. Chini, karibu na sakafu, umelazwa mtungi wa oksijeni, maana kitu kizito kikikaa juu huvuruga usawa wa gari. Kisha kuna begi la majeraha lenye bandeji za kukaza na mikanda ya kuzuia damu, vibao vya kufungia mfupa uliovunjika, kola ya shingo, sanduku la uzazi lenye kibano cha kitovu na blanketi la mtoto, na tochi. Kati ya buti na viti kuna wavu wa chuma. Bila wavu huo, gari likigonga kitu kwa kilomita 100 kwa saa, mtungi wa kilo 10 humfikia dereva kisogoni kwa kasi hiyohiyo.

Uingereza ililipenda gari hili kwa njia ya polisi. Volvo ilitoa stesheni wagon ya 850 mwaka 1993, na ile ya T-5, yenye injini ya lita 2.3, silinda tano, turbo na nguvu farasi 225, ikawa gari la kawaida la polisi wa barabara kuu katika miaka ya 1990. Mwaka 1994 Volvo iliwashangaza Waingereza kwa kuzipeleka stesheni wagon hizo kwenye mashindano ya taifa ya magari, zikishindana na saluni. Hazikushinda mbio hata moja msimu huo, lakini picha ya gari la familia likikata kona kwa magurudumu matatu ilibadilisha fikra za wengi. Baadaye ikaja V70, iliyotumiwa sana na polisi wa Sweden kwao ilikozaliwa.

Mfano ulioonwa na watu wengi zaidi ni wa Bahrain, tarehe 29 Novemba 2020. Katika mbio za Formula 1 kuna desturi kwamba gari la daktari hufuata msafara wa magari ya mashindano katika mzunguko wote wa kwanza, kwa kuwa hapo ndipo ajali nyingi hutokea. Desturi hiyo ilianza mwaka 1978, baada ya kifo cha dereva Ronnie Peterson aliyeumia Monza, chini ya daktari Sid Watkins. Siku hiyo ya Bahrain, gari la dereva Romain Grosjean lilipasua ukingo wa chuma na kulipuka. Stesheni wagon ya Mercedes-AMG C 63 S, ikiendeshwa na Alan van der Merwe na kumbeba daktari Ian Roberts, ilikuwa nyuma yake, ikasimama kando ya moto sekunde chache baada ya mshindo. Grosjean alikaa ndani ya moto sekunde 28, akatoka na kupokewa mikononi mwa daktari. Gari lile lilikuwa na nguvu farasi zinazopita 500. Hata hivyo lililomfaa Grosjean zaidi ni kwamba lilipangwa kuwa karibu tangu mwanzo, na jambo hili litarudi tena katika habari ya Taveta.

Afrika Mashariki ilijua thamani ya stesheni wagon mapema sana, ingawa haikuipa taa za buluu. Peugeot ilitoa stesheni wagon ya 504 mwaka 1971, ikiwa na umbali wa mita 2.90 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na springi za ziada nyuma za kustahimili uzito. Toleo lake la familia lilikuwa na safu tatu za viti. Nchini Kenya gari hilo likawa teksi ya masafa marefu, hata neno “Peugeot” likamaanisha usafiri wa haraka wa kwenda bara, bei yake juu kidogo ya basi. Serikali na polisi nao walitumia 504 kwa miaka mingi, na gari hilo liliunganishwa Mombasa. Sifa yake ilithibitishwa kwenye Safari Rally: Ove Andersson alishinda na 504 mwaka 1975, na Jean-Pierre Nicolas akashinda na 504 ya V6 mwaka 1978. Miaka hiyo njia ya Safari ilizoea kupanda Milima ya Taita, na wakazi wa Wundanyi na Mwatate waliona kwa macho yao gari linavyoteseka kwenye mawe na kona za kwao.

Baada ya Peugeot ikaja Subaru. Mwaka 1990 Jim Heather-Hayes, Mkenya, alimaliza Safari Rally na Subaru Legacy ya kundi N, yaani gari lisilobadilishwa sana kutoka lile la dukani, na ilikuwa mara ya kwanza kwa gari la kundi hilo kumaliza Safari. Colin McRae akashinda na Impreza mwaka 1997, na Richard Burns mwaka 2000. Injini ya Subaru imelala ubavu, pistoni zake zinapigana kushoto na kulia badala ya juu na chini, kwa hiyo uzito wake uko chini kabisa. Nguvu zake hugawanywa kwa magurudumu yote manne. Gari la namna hiyo, lenye buti refu la wagon na turbo, ndilo lililo karibu zaidi na stesheni wagon za polisi wa Ulaya, na Kenya imejaa hayo, yaliyoagizwa yakiwa yametumika Japani. Polisi wa Kenya wameyatumia kwa miaka mingi, hasa wa upelelezi, na mara nyingi bila alama yoyote. Hapo limepotea jambo kubwa. Gari la dharura lisilo na rangi wala jina haliwezi kupishwa barabarani, na mwananchi akiliona huingiwa na hofu badala ya faraja. Rangi ya manjano na mistari inayong'aa usiku ni kifaa cha kazi kama zilivyo breki.

Stesheni wagon ambayo kwa kweli huokoa maisha ya watu wa mashambani Kenya haina mbio wala rangi. Ni Toyota Probox. Ilianza kuuzwa Japani mwaka 2002 kama gari la mizigo midogo ya maduka, na injini yake ya kawaida ni ya lita 1.3 au 1.5. Huku imekuwa matatu, gari la mboga, gari la maziwa na ambulensi bila kuombwa. Usiku mama anaposhikwa na uchungu kijijini, hupigiwa simu dereva wa Probox. Kiti cha nyuma hukunjwa, hutandikwa godoro la sifongo, mama hulazwa kichwa kikielekea mbele. Mama mkwe hukaa amejikunja ubavuni akimshika mkono. Mumewe hukaa mbele na begi la nguo na mia mbili tatu za mafuta. Mlango wa nyuma ukikataa kufunga, hukazwa kwa kamba ya katani. Hakuna oksijeni, hakuna dripu, na dereva hajafundishwa chochote juu ya damu. Lakini gari lipo, linajua njia, na linawaka kila likitiwa ufunguo. Anayetaka kupanga huduma ya dharura ya maeneo haya aanze kwa kulitazama gari hili kwa heshima.

Kaunti ya Taita Taveta ina eneo la kilomita za mraba kama 17,000, na zaidi ya nusu yake ni hifadhi za Tsavo. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 340,671, wengi wao wakiishi katika mafungu matatu yaliyo mbali: milimani Taita, mjini Voi na vitongoji vyake kando ya barabara ya Mombasa–Nairobi, na Taveta mpakani na Tanzania. Hospitali ya rufaa ya kaunti, Moi, iko Voi. Taveta ina hospitali yake ya kaunti ndogo, na hospitali ya Wesu iko juu mlimani karibu na Wundanyi. Mgonjwa wa Taveta akizidiwa uwezo wa pale, hupelekwa Voi, na wakati mwingine Mombasa, kilomita 150 na ushei zaidi.

Njia hiyo ina historia ya majeruhi. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, Wajerumani waliitwaa Taveta mwezi Agosti 1914, na Waingereza wakajenga reli kutoka Voi kupitia Maktau ili wairudishe. Magari ya deraya ya Rolls-Royce, ambayo mwili wake wa chuma ulikalishwa juu ya chasisi ya gari la kifahari kuliko yote ya zama zile, yalipiga kambi Maktau. Mapigano ya Salaita ya Februari 1916 na ya Latema ya mwezi uliofuata yaliwaacha watu wengi wamelala nyikani wakisubiri kubebwa. Makaburi yao yako Taveta, Maktau na Voi, yakifuata mstari uleule ambao wagonjwa wa leo husafirishwa.

Kwa miaka mingi baada ya hapo, kipande cha kutoka Mwatate hadi Taveta kilikuwa vumbi jekundu wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua. Stesheni wagon ya mbio isingefaa kitu. Katika miaka ya 2010 barabara ililazwa lami chini ya mradi wa Arusha–Holili–Taveta–Voi, kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, na mwaka 2016 kituo cha pamoja cha mpaka cha Taveta na Holili kikafunguliwa rasmi. Malori yakaongezeka, mabasi ya Tanzania yakaongezeka, na mwendo ukaongezeka. Lami ileile inayomwezesha tabibu kufika upesi ndiyo inayofanya ajali iwe nzito zaidi, na hiyo ni sababu tosha ya kulifikiria gari la kutangulia.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua ajali iliyotokea karibu na Maktau, kama kilomita 55 kutoka Voi. Ambulensi ya Land Cruiser ikienda kilomita 80 kwa saa itafika baada ya dakika 41. Stesheni wagon ikienda 110 itafika baada ya dakika 30. Zimeokolewa dakika 11, na dakika 11 ni uhai wa mtu. Sasa dereva aongeze 30 nyingine, afike 140. Atafika baada ya dakika 24 hivi. Ameokoa dakika sita tu, huku nguvu ambayo breki zake zinapaswa kuizima ikiwa imepanda kwa zaidi ya asilimia 60, kwa sababu nguvu hiyo hukua kwa mraba wa mwendo. Kila kilomita anayoiongeza humlipa kidogo kuliko ile iliyotangulia, na humgharimu zaidi.

Usiku hesabu hii huwa kali. Gari likienda 140, hula karibu mita 39 kila sekunde. Dereva mwangalifu huchukua sekunde moja na nusu kuona kitu na kukanyaga breki, na breki nzuri kwenye lami kavu zitahitaji mita 90 na zaidi kulisimamisha. Jumla ni mita 150 hivi. Taa zikiwa zimeinamishwa kwa ajili ya lori linalokuja, humulika mita 50 au 60. Maana yake, dereva huyo anaendesha kuelekea gizani asikokuona. Na kwenye njia hii giza lina wenyewe. Barabara inapopita Tsavo Magharibi, ndovu huivuka usiku, rangi yao ya kijivu ikiwa imefunikwa na udongo, macho yao yakiwa juu ya kimo cha taa za gari dogo. Gari lililokaa chini humgonga ndovu miguuni, na mwili wa tani kadhaa huangukia kioo. Hapa sifa ya stesheni wagon, ya kukaa chini, inageuka kuwa hatari yake. Mwendo unaofaa usiku kati ya Maktau na Taveta ni ule ambao dereva anaweza kusimama ndani ya mwanga wake mwenyewe, hata kama injini ina farasi 500.

Kipande cha milimani kina funzo jingine. Kutoka Wundanyi kushuka Mwatate barabara imejikunja kona juu ya kona, na kila kona huomba breki. Dereva asiyejua hushuka akiwa ameshikilia breki mfululizo. Pedi hupata moto, harufu kama ya mpira ulioungua huingia ndani ya gari, kisha mguu unakanyaga na gari haliitikii kama mwanzo. Gari la mbio lina diski pana zinazopitisha hewa katikati, na hustahimili hali hiyo muda mrefu zaidi, lakini dawa ya kweli ni gia ndogo na kuachia breki zipumue kati ya kona na kona. Madereva wa matatu wa Taita wanalijua hili kuliko vitabu. Wangekuwa walimu wazuri.

Lami inapoisha, hadithi hubadilika. Njia za kwenda Ziwa Jipe, Challa na Njukini, na vijia vya kuingia mashamba ya ndizi na mboga ya Taveta, vina mashimo, mchanga na mito ya msimu. Stesheni wagon ya mbio ina uwazi mdogo chini ya tumbo, na tairi pana zenye ukuta mfupi hupasuka kwenye jiwe moja kali. Land Cruiser hupita. Kwa hiyo hakuna sababu ya kulifanya gari la kutangulia kuwa adui wa Land Cruiser. Kila moja lina njia yake. Wagon zilizoinuliwa kidogo, kama Subaru Outback au Forester, huenda mahali pengi ambapo Volvo ya polisi ingekwama, na kwa mazingira ya Taita Taveta hizo ndizo chaguo bora kuliko mashine ya Kijerumani yenye nguvu maradufu. Vipuri vyake vinapatikana, na mafundi wa Voi wanazijua.

Ufundi ndio mahali ambapo mipango mingi ya magari ya dharura hufia. Gari la dharura huishi maisha mabaya: husimama saa nzima injini ikiwaka ili mashine zipate umeme, kisha ghafla huamriwa kukimbia kwa nguvu zote kabla oili haijatulia. Injini ya turbo haipendi hivyo. Huko Uingereza, Januari 2020, polisi mmoja wa Cumbria alikufa kwenye barabara ya M6 akienda kwenye tukio, baada ya injini ya gari lake kuvunjika na kuwaka moto. Oili ya gari la dharura haingoji kilomita 5,000 au 10,000 za gari la nyumbani. Hupimwa kwa saa za injini pia. Tairi nazo zisomwe. Ubavuni mwa kila tairi kuna herufi ya mwendo wake: S ni kilomita 180 kwa saa, T ni 190, H ni 210, V ni 240. Kuna pia tarakimu nne za tarehe. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya mtumba yenye meno mazuri lakini umri wa miaka minane, kwenye joto la Tsavo la adhuhuri, itapasuka siku ambayo inahitajika zaidi.

Baada ya gari ni dereva. Sheria ya Barabara ya Kenya, Sura ya 403, huyaruhusu magari ya polisi, zimamoto na wagonjwa kupita mipaka ya mwendo yanapokuwa kazini, lakini ruhusa hiyo haiwazuii mbuzi wala haimpishi mtoto. King'ora humwomba mwenzako nafasi, na mwenzako anaweza kuwa amefunga vioo na kuweka muziki. Dereva aliyefunzwa hupunguza mwendo kwenye makutano hata taa za buluu zikiwaka, huacha nafasi anapolifuata lori, na hafanyi haraka pale ambapo haoni mwisho wa njia. Polisi wa Uingereza walianza kufundisha uendeshaji wa aina hii Hendon katika miaka ya 1930, baada ya kuona kwamba magari yao wenyewe yalikuwa yakipata ajali nyingi mno. Mafunzo hayo ni nafuu kuliko turbo, na huokoa watu wengi zaidi.

Kuna kitu kingine kilicho nafuu kuliko turbo, nacho ni mahali pa kuegesha. Mwatate iko kama kilomita 25 kutoka Voi, penye njia panda ya Voi, Wundanyi na Taveta, karibu na mashamba makubwa ya mkonge. Gari likilala Mwatate badala ya Voi, ajali ile ya Maktau inakuwa umbali wa kilomita 30 hivi. Kwa mwendo wa 80 tu, mwendo ambao Probox yoyote nzima inauweza, tabibu atafika baada ya dakika 22 au 23. Amewahi kuliko gari la Voi linalokimbia 140, na hakuhatarisha roho ya mtu. Ndiyo siri ileile ya Bahrain: gari liwekwe karibu na hatari kabla hatari haijatokea.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Kwa mkazi wa Maktau, haki hiyo hupimwa kwa dakika. Wanaopanga bajeti ya afya ya kaunti waiangalie Mwatate: stesheni wagon moja ya manjano iliyoinuliwa kidogo, magurudumu manne yakisukuma, tairi zisizozidi miaka mitano, dereva aliyefunzwa, na tabibu mmoja wa dharura mchana na usiku. Naye msomaji atakayekuta ajali njiani apige 999, 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu, ataje kibao cha kilomita kilicho karibu, akaze kitambaa palipo na damu bila kuachia, na akisikia king'ora nyuma yake avute kando na kusimama.